Joho la Kuazima

Marseille, 11 Januari 1993

Kwa Hadjira, dada yangu wa tumbo moja,

Barua hii ikukute unapumua vizuri, paa halivuji, birika limejaa maji ya mvua, na mbuzi wale wawili bado ni wako. Mimi mzima. Nasema mzima kwelikweli, si kama wazee wa huku, ukiwauliza hali wanaanza na goti wanamaliza na figo. Mimi miaka sitini na nane hii, na ngazi za nyumba yangu ghorofa nne nazipanda bila kushika ukuta. Wasalimie jirani wote, na wale wasionipenda uwasalimie mara mbili.

Juzi nilisafiri. Nilikwenda Dunkerque, kaskazini kabisa, mji wa bandari tuliokuwa tukipakia zamani, kumtazama rafiki yangu Kari ambaye kifua kinamsumbua. Garimoshi la huku linakimbia mpaka miti ya nje inakuwa kitu kimoja kama ua wa makuti. Sasa sikia. Behewa limejaa watu na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenziwe habari za asubuhi. Nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Hamjambo humu?" Mama mmoja akaukumbatia mkoba wake. Aliyeniangalia kwa heshima ni mbwa wake tu. Na mbwa wa huku anakatiwa tiketi, Hadjira, anakaa kitini, na mimi nilisimama mpaka mji wa pili. Nilipomhadithia Kari akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mdahoma, wewe hata Wazungu unawafundisha adabu." Ni kweli, nawafundisha, lakini ni wazito kuelewa.

Habari ya binti yako Zainati na Badurudini nimeisoma. Kijana nimesikia ni mwalimu na ana mikono ya shamba vilevile. Vizuri. Ndoa kubwa ifanyike Agosti, mji ule ushibe. La mimi kuja, tutatazama. Mwezi huu upepo wa huku unawavua watu kofia barabarani.

Mimi kaka yako, Mdahoma wa Iburoi, baharia mkuu


Hamdjeli, Ngazidja, 20 Februari 1993

Kwezi, kaka yangu, nakuamkia.

Swalihi, mchukua barua wetu, alishuka salama kwenye ndege, barua yako alinikabidhi, pamoja na sabuni na kitambaa cha Zainati. Sisi wazima. Birika limefika nusu. Mbuzi mmoja amezaa, wa pili ameibiwa, na mwizi tunamjua, ila mkewe ni shoga yangu kwa hiyo tumesema amepotea. Zainati anakusalimia, anashona mito mpaka vidole vimeota sugu.

Kaka, nilikuuliza neno moja ukanijibu mbwa.

Nakuuliza tena, labda karatasi ya kwanza ililowa. Agosti, siku bwana harusi anapoingizwa nyumbani, mlangoni lazima asimame mjomba wa bibi harusi ampokee. Mama alizaa wanaume wawili. Mmoja tumemzika. Wewe usiposimama atasimama Mchangama, kwa kuwa mama yake na mama yetu walitoka tumbo moja, na atakayesimama siku ya binti wa kwanza ndiye mwenye sauti katika nyumba hiyo mpaka afe. Unajua Mchangama amekuwa akisema tangu enzi kwamba kiwanja hiki ni cha mama yake. Juzi alikuja na kamba akapima upana wa mlango. Nikamwuliza, "Unapima nini, bwana?" Akasema, "Nataka kujua nitasimama upande gani."

Unakuja au huji?

Hadjira


Marseille, 2 Mei 1993

Kwa Hadjira,

Usikasirike kwa kuchelewa, Swalihi alikuwa hana safari na posta sina imani nayo. Mimi mzima, nawe uwe hivyo, na Zainati avipake vidole mafuta ya nazi.

Ramadhani imetupitia vizuri. Huku hakuna adhana ya kukuamsha, unaamka kwa ubishi wako mwenyewe. Sokoni nimeona kitu. Mwanamke mzee ananunua nyanya moja. Moja, Hadjira. Anaichagua kama anachagua mkwe, muuzaji anampimia kwenye mizani, anamfungia karatasi, anamwambia asante bibi. Nikamfuata mpaka kona nimwulize hiyo nyanya anakula na nani, halafu nikaacha, maana mwaka jana polisi walishaniuliza kwa nini nawasemesha watu. Mimi kwangu sili peke yangu. Wageni hawakauki, jiko langu linajulikana mtaa mzima.

Hilo la Mchangama limenichekesha mpaka nikakaa chini. Mchangama asimame mlangoni pa mama yangu? Mchangama yule aliyekuwa akimkimbia jogoo? Mimi nimezunguka dunia, nimepika katika tufani nyuma ya Rasi, nahodha mwenyewe alikuwa hashiki kijiko mpaka mimi nionje.

Ila mguu wa kushoto daktari anauangalia, na ofisi ya mabaharia inataka nionekane hapa wakati wa joto. Kwa hiyo nimepata dawa. Ndani ya bahasha hii kuna picha, nimepigwa na Muarmenia mmoja wa hapa ambaye ni fundi hasa. Utaniona. Joho jeusi la nyuzi za dhahabu na shali ya mharuma begani. Muarmenia alirudi nyuma akasema, "Mzee, wewe ni sultani wa wapi?" Itie kwenye fremu, itundike pembeni mwa mlango, usawa wa macho. Bwana harusi akiingia ataniona nimesimama. Mchangama na kamba yake akapime kwingine.

Mdahoma wa Iburoi


Hamdjeli, 25 Mei 1993

Kaka,

Salamu zimo hata kama siziandiki.

Picha niliificha. Nilipoifungua tu niliisukuma chini ya godoro, nikamwambia Zainati hatukupata picha yoyote. Siku ya tatu wanawake walikuja kunisaidia kuanika magodoro kwa ajili ya harusi. Aliyeliinua langu ni mke wa Mchangama.

Mpaka adhuhuri ilikuwa imefika bangweni, barazani pa wazee. Wazee waliipitisha mkono kwa mkono pale uwanjani. Mimi sikuwepo, wanawake hatukai pale, lakini maneno ya Mze Tadjiri nimeletewa kama yalivyo. Alisema, "Joho ni vazi la aliyeoa ndoa kubwa akaulisha mji. Asiyeulisha, hata mvi zimfike kwenye nyusi, ni mtoto wa mji. Atachinja, atabeba, atapakua, atakaa nyuma. Huyu amelivaa kwa ada gani?" Mchangama akajibu, eti kwa upole, "Labda Ulaya hilo ndilo koti la mvua."

Wamecheka, halafu wakahukumu. Hakuna mtu wa Hamdjeli atakayevuka kizingiti changu, kwa harusi wala kwa msiba, mpaka mwenye picha aje mwenyewe bangweni ajibu. Tangu Jumatatu hata wa kuniazima kinu sina. Shoga yangu, yule mke wa mwizi, ananisalimia kwa macho tu.

Upande wa Badurudini wametuma mtu. Amesema wanatupenda, lakini mtoto wao hawezi kumalizia ada yake katika nyumba isiyoingiwa na watu. Wanatungoja mpaka mwanzo wa Agosti. Baada ya hapo kuna binti mwingine, kijiji cha pili.

Zainati anashona tu, na jana nilimkuta anashona mto ambao tayari umeshonwa.

Hadjira


Marseille, 10 Juni 1993

Hadjira,

Nimeisoma barua yako nikaisoma tena. Hao wazee wana kichaa. Joho lenyewe si langu, ni la Kari, alioa ndoa kubwa kwao zamani na joho lake aliniachia likiwa limekunjwa kwenye sanduku, lina harufu ya dawa ya nondo. Nimelivaa kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Je, kwa muda huo mji umebomoka? Mlima umetapika moto?

Mwambie Tadjiri hivi. Paa la msikiti wao, mabati yale, yalitoka kwa jasho la nani? Mwambie huyo Tadjiri tulikwenda chuoni pamoja na alikuwa akinakili sura kutoka kwenye ubao wangu. Mwambie mimi ningeweza kuioa ndoa kubwa mara mbili, mara tatu, ila kila nikijiandaa kuna mtu anaumwa, au nyumba yako inataka dari, au mama anataka kwenda kuhiji. Sijuti, na wala sidai, nasema tu wajue.

Waambie kwamba picha ni ya utani. Huku watu wanapigwa picha wamevaa kama marubani, kama simba, hakuna anayeitwa uwanjani. Jana tu nimeona bwana mzima, na mvi za maana, amevaa kaptura na soksi ndefu anamkimbiza mbwa bustanini, na hakuna aliyemhukumu. Mbwa mwenyewe amevaa koti, na sasa ni Juni. Hewa ya huku nzuri mwezi huu, bahari imetulia, wazee tunakaa bandarini tunaangalia meli za watu.

Mguu bado.

Mdahoma


Hamdjeli, 24 Juni 1993

Kaka Mdahoma,

Mbwa wa Ulaya nimeshawajua wote, yule wa garimoshi na huyu wa koti. Usinitumie mwingine.

Hukuniuliza Zainati anakula au hali. Hali. 

Sasa nitasema, na ukitaka kunichukia nichukie ukiwa karibu. Mguu wako hauna kitu. Swalihi ameniambia unashuka bandarini kila siku na kurudi. Ameniambia na mengine, kwamba nyumba yako ya ghorofa nne ni chumba kimoja katika jengo la mabaharia wazee, na jiko ni la watu ishirini. Sikumwuliza, alisema mwenyewe kwa huzuni. Mimi sikuona aibu, kaka. Niliangalia dari la nyumba hii nikajua chumba chako kingine kiko wapi.

Huogopi ndege na huna ofisi inayokushika. Unaogopa sinia. Unaogopa kushuka hapa na mvi zako, upelekwe jikoni na vijana waliozaliwa ukiwa baharini, ubebe wali mpaka mbele ya Mchangama, umnawishe huku amekukazia macho. Kwa hilo hujakanyaga hapa miaka kumi na tisa, na mama alikufa akisema meli yako imechelewa.

Mlangoni ni damu, bangweni ni ada. Damu unayo, hakuna wa kukunyang'anya. Ada huna. Huwezi kupita mlangoni bila kwanza kupita bangweni. Ni hivyo, sikuitunga mimi.

Ukija, njoo. Usipokuja, usiniandikie hali ya hewa.

Hadjira


Hamdjeli, 20 Julai 1993

Kaka,

Swalihi ameshuka jana bila barua. Nilimwuliza, "Hata salamu?" Akasema, "Mama, nilimpa barua yako mkononi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniambia kwaheri nikiwa bado sijakaa. Nilirudi mara ya pili, mlango haukufunguliwa, na redio nilikuwa naisikia."

Mchangama amenitumia ujumbe kwamba yeye anaweza kuzungumza na wazee wanisamehe, mradi mbele yao nikiri kiwanja ni cha mama yake. Nimepewa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi nijibu.

Sijui barua hii inakwenda kwa nani.

Hadjira


Hamdjeli, 12 Septemba 1993

Kwezi, kaka yangu, kwezi tena.

Natumai ulifika, na baridi bado haijaanza. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imeshuka, birika linalia vizuri. Shoga yangu ananiazima kinu tena, na mbuzi "aliyepotea" ameonekana mlangoni asubuhi amefungwa kamba mpya, hakuna aliyeuliza. Zainati amenenepa shingo. Badurudini amehamia, ni mpole, anakoroma.

Kaka, nina deni la kukuuliza. Alhamisi ile ya mwisho wa Julai niliyokuwa nimekata tamaa, niliposikia gari likisimama na sauti yako inagombana na dereva, nilikaa chini kwenye unga. Hukuniacha hata nilie. Ulisema, "Nipe kanzu kuukuu," ukavaa, ukaenda bangweni. Nasi tulibaki uani, tunasikia. Kwanza kimya. Halafu kicheko kikubwa cha wanaume, mpaka Zainati akaziba masikio. Halafu kimya tena. Siku ya karamu ya harusi vilevile, kicheko, kimya. Ulirudi magharibi, ukaosha miguu, ukalala. Kesho yake ukasimama mlangoni kama nguzo, Mchangama akapita mbele yako ameinamisha kichwa, nami sikuelewa kwa nini. Ulipoondoka nilikuuliza, ukaniambia mapapai yameiva.

Wanaume hawasemi ya bangweni kwa wake zao. Lakini mimi si mke wako. Niambie walikufanya nini.

Hadjira


Marseille, 3 Oktoba 1993

Kwa Hadjira, dada yangu, mwenye ulimi wa wembe,

Nipo mzima, na mguu haujawahi kuwa mzima zaidi. Nimefurahi kwa mbuzi. Mwambie Badurudini alale ubavu.

Basi nitakuambia, maana watu watakuhadithia wakosee, na mimi sipendi habari yangu ihadithiwe na wasiojua kuhadithia.

Alhamisi nilisimama katikati ya bangwe peke yangu. Wamekaa kwa safu zao, picha iko kwenye goti la Tadjiri. Akasema, "Nani mwenye picha?" Nikasema mimi. "Joho la nani?" Nikasema la kuazima. Hapo ndipo ulipowasikia wanacheka. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akaniuliza, tena kwa sauti ndogo, "Na wewe katika mji huu ni nani?"

Hadjira, mimi nimeulizwa jina langu na maofisa wa bandari zote unazozijua na usizozijua, na nimejibu kifua mbele. Safari hii niliangalia mlima. Nikafikiria kugeuka, gari lilikuwa bado linaonekana barabarani. Nikasema, "Mtoto wa mji." Wakanyamaza. Tadjiri akasema, "Watoto wa mji wako wapi siku ya karamu?" Nikasema jikoni. Akasema, "Basi tutakuona Jumamosi," akanirudishia picha yangu, na kifungo chenu kikawa kimekwisha.

Jumamosi nikaenda jikoni. Vijana walikuwa wanne kwa kila sufuria na hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Wali unaungua chini na juu mbichi. Niliwaambia, "Kaeni pembeni, wajukuu, mumwone mtu." Mmoja akasema, "Babu, wewe si ndiye sultani wa pichani?" Nikamwambia, "Ndiye. Sasa lete chumvi."

Nilipika mimi. Yule ng'ombe nilimkata mimi. Na wakati wa kubeba, wao walikuwa wanabeba sinia moja kwa watu wawili, wanakanyagana, mimi nimebeba moja begani na moja mkononi, wali na maziwa ya mgando, na hata tone halikumwagika, kwa sababu uwanja ule hauendi huku na huku kama sitaha. Wazee walianza kuniangalia miguu.

Safu ya mbele alikuwepo Mchangama. Nilipomwekea sinia akanyoosha mikono, akasema wasikie wote, "Kijana, maji." Wakacheka. Ndicho kicheko cha pili ulichokisikia. Birika la maji ya moto lilikuwa mkononi mwangu. Moto wa chai, Hadjira. Nililiangalia birika, nikamwangalia yeye, naye akaona ninachokiangalia. Hakuna aliyekuwa akitafuna. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, na hakuweza kuirudisha kwa sababu watu wanaona. Nikaweka birika chini. Nikachukua kopo la maji baridi. Nikapiga goti, na goti hilo lina miaka sitini na nane, nikamnawisha kidole kimoja kimoja kama mtoto, nikamfuta kwa kitambaa changu. Nikamwambia, "Karibu, bwana. Umekaribishwa na mwana wa Iburoi, karibu na mlango wa mama yake." Akala, lakini hakumaliza tonge la pili.

Kwenye kugawa nyama nilipewa shingo, fungu la watoto wa mji. Nimekula na vijana nyuma ya ukuta. Shingo niliyoipika mimi ilikuwa bora kuliko nyonga niliyowapikia wao, nililihakikisha hilo mapema. Tadjiri alipita kwenda kutawadha, akasimama, akasema, "Mdahoma, wali huu." Akaondoka analamba kidole.

Ndiyo hayo. Kesho yake Mchangama angesema nini mlangoni?

Huku majani yameanza kudondoka, na kuna watu wanaajiriwa kuyafagia na upepo unayarudisha, wote wanalipwa. Yule bibi wa nyanya moja nimemwona tena sokoni. Safari hii nimemsalimia, na polisi hawakuja. Akaniambia habari yako bwana, nikamwambia mwanangu ameolewa. Akanunua nyanya mbili, moja akanipa.

Chumba changu ni kidogo, kama alivyokuambia Swalihi mwenye mdomo. Kina dirisha.

Picha ile ya joho nimempa Kari, acheke apone. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, Swalihi aliipiga Jumamosi bila kunitaarifu. Nina kanzu kuukuu yenye masizi, sinia begani, jasho, na mdomo uko wazi kwa sababu nawafokea wale wajukuu wapishe njia. Mkono umetoka nusu. Si kazi ya fundi.

Itie kwenye fremu. Itundike pembeni mwa mlango, usawa wa macho ya Mchangama.

Kaka yako, Mdahoma wa Iburoi, mpishi